Mchele Mweupe, Dawa ya Kukojoa na Moyo Uliochoka

Shangazi yangu wa Mkamba alinionyesha karatasi aliyoikunja mara nne na kuihifadhi ndani ya daftari lake la kliniki. Juu ilikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: USILE. Chini yake, kwa mwandiko wa haraka, orodha: chumvi, dagaa, nyama nyekundu, mayai, maharage, karanga, mchicha, mafuta. Aliandikiwa mjini, mbali na huku bondeni, siku alipoambiwa kwamba moyo wake umetanuka na ndiyo maana miguu inavimba na usiku halali bila mito mitatu.

"Sasa shangazi, unakula nini?"

"Wali, mwanangu. Wali na chai ya rangi. Wali hawakuuandika hapo."

Alijibonyeza muundi kwa kidole gumba, akakiondoa, shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili likijaa taratibu, kama nyayo kwenye tope la jarubani. Dawa ya kukojoa alikuwa ameongezewa mara mbili mwaka ule.

Naanza na karatasi hiyo kwa sababu habari ya vitamini kwa mtu ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu huulizwa kinyumenyume. Ndugu wanauliza: tumnunulie vitamini gani? Duka la dawa halikosi jibu, na jibu lina rangi nzuri na kopo la kupendeza. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: vitamini alizokuwa nazo zimepotelea wapi? Katika bonde la Kilombero, toka Kidatu mpaka Ifakara na ng'ambo ya mto, naona zikipotelea kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwenye choo baada ya kidonge cha dawa ya kukojoa, na kwenye karatasi kama ile ya shangazi. Na katika vitamini zote zinazotajwa kwa ugonjwa huu, moja tu, thiamini au B1, ndiyo ambayo ikikosekana yenyewe huuangusha moyo ndani ya wiki chache, na ikirudishwa huuinua ndani ya siku chache. Nyingine nitazipitia, lakini sitajifanya kwamba zina uzito sawa.

Mtu wa Kidatu haelezwi kwa shida jinsi thiamini inavyofanya kazi. Kituo cha umeme cha Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu, kilichoanza kufua umeme mwaka 1975, kina uwezo wa megawati 204, lakini bwawa lake ni dogo. Maji ya kukitosha kiangazi huwekwa akiba juu huko, Mtera. Sasa chukua wanga, yaani wali, ugali, na sukari inayotoka kwenye viwanda vya miwa hapo hapo Kidatu, useme hayo ndiyo maji. Thiamini ni lango la kuingizia maji kwenye mitambo. Vimeng'enya vinavyogeuza sukari kuwa nguvu ndani ya seli havifanyi kazi bila yake. Lango likifungwa, hata ukizidisha maji hupati umeme. Yanarundikana tu, na mwilini yanarundikana kwa sura ya asidi ya laktiki. Mkono uliochoka utaupumzisha. Moyo hupiga mara laki moja kwa siku na hauna siku ya mapumziko, kwa hiyo ndio unaoanza kulalamika.

Na thiamini haina Mtera yake. Vitamini A na B12 hukaa kwenye ini kwa miezi, B12 hata kwa miaka. Thiamini yote iliyomo mwilini mwa mtu mzima ni kama miligramu 30, na mahitaji ya siku moja ni zaidi kidogo ya miligramu 1. Chakula chenye thiamini kikikatika, wiki mbili tatu zinatosha. Mwenye homa, mama anayenyonyesha, mkata miwa anayeshinda juani na panga, hao huimaliza mapema zaidi, maana kadiri unavyounguza wanga mwingi ndivyo unavyoihitaji zaidi.

Anayedhani haya ni mambo ya vitabu vya zamani akumbuke yaliyotokea Mogadishu. Mwaka 2009 wanajeshi wa Uganda na Burundi waliokuwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, walianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Tangu mwishoni mwa Aprili mwaka ule hadi mwanzoni mwa Mei 2010 walihesabiwa wagonjwa 241. Wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda, na wanne walifariki. Hawa walikuwa watu wa mazoezi, si wazee wenye presha ya miaka ishirini. Wachunguzi walitafuta vijidudu, wakatafuta sumu, vipimo vikarudi vitupu. Jibu lilipatikana walipoanza kuuliza habari ya sahani. Walioumwa ni wale waliokula mgao wa jeshi na si kitu kingine. Aliyepata nafasi ya kujinunulia chakula cha wenyeji alikuwa na nafuu. Vita vilipokuwa vikali, hakuna aliyetoka kwenda sokoni. Wakapewa thiamini, na uvimbe ukaondoka kwa kasi iliyowashangaza wenyewe. Ilikuwa beriberi ya maji, ugonjwa wa kukosa thiamini.

Katika visiwa vya Komoro, upande wa Mayotte, mwaka 2004 beriberi ilikuwa imewakumba watoto wachanga 32, na 20 kati yao wakafa. Maziwa ya mama hayawezi kuwa na thiamini ambayo mama mwenyewe hana. Kwa hiyo ugonjwa huu haukuondoka duniani pamoja na meli za tanga. Unasubiri mahali ambapo wali mweupe unabaki peke yake kwenye sinia.

Meli nazo zina kisa chao. Mwaka 1883 manowari ya Japani iitwayo Ryujo ilirudi kutoka safari ndefu ikiwa na watu 376, kati yao 169 wameugua beriberi na 25 wamekufa. Daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, alibadilisha mlo, akaongeza nyama, maziwa na shayiri, akatuma meli nyingine kwa njia ile ile, na ugonjwa ukakaribia kutoweka. Alidhani ni habari ya protini. Alikosea sababu, akapatia dawa. Aliyeikaribia sababu ni Mholanzi Christiaan Eijkman, kule Java, aliyeona kuku wake wakilegea miguu walipolishwa wali mweupe uliotoka jikoni la hospitali na kupona waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake. Mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel. Nikipita kwenye mashine za Ifakara nawakumbuka wale kuku, kwa sababu hapo napo pumba hufungwa kwenye viroba na kupelekwa kwa kuku na nguruwe. Kwa upande wa thiamini, mifugo ya Ifakara inakula vizuri kuliko wenye mifugo.

Mashine yenyewe haina hila. Mpunga unamiminwa juu, unatoka mweupe upande mmoja, na maganda, pumba na chenga upande wa pili. Mteja anaposema "ung'arishe vizuri, huu naupeleka Dar," fundi anaupitisha tena. Thiamini ya punje iko kwenye ile ngozi ya kahawia na kiini kidogo cha pembeni. Gramu 100 za mchele ambao haujang'arishwa zina thiamini karibu miligramu 0.4, ukishang'arishwa inabaki chini ya 0.1. Halafu unafika jikoni, unaoshwa maji matatu mpaka yatoke meupe, na kwa kuwa thiamini huyeyuka kwenye maji, nyingine inaondoka na maji hayo. Kinachobaki sahanini ni harufu, na harufu ya mchele wa Ifakara sina neno baya la kuisema. Bibi zetu waliotwanga kwa kinu na mchi hawakuwa na elimu ya lishe kuliko sisi. Walikuwa na mikono iliyochoka mapema, ngozi ikabaki kwenye punje.

Watu wa Asia Kusini na wengi wa Afrika Magharibi wanao ujanja wa kuuchemsha mpunga ukiwa na maganda yake, kuuanika, ndipo wanaukoboa. Joto na maji husukuma thiamini ndani ya punje na mashine haiwezi kuifikia. Bondeni kwetu wazo hilo halijapata wateja. Mchele wa namna hiyo unakuwa wa manjano na unapoteza harufu, na mfanyabiashara wa Ifakara anauza harufu.

Ila haki isemwe. Bonde la Kilombero halijajaa beriberi, na mtu mzima mwenye afya anayekula wali kwa maharage, kunde, karanga za kwenye mboga au kipande cha nguruwe hana haja ya kukosa usingizi. Sahani ya wali maharage ni ndoa ya akili: maharage na karanga zina thiamini mara nyingi kuliko wali mweupe. Hatari huanza pale sahani inapovunjwa ndoa, ukabaki wali na chai. Ukirudi kwenye karatasi ya shangazi utaona kwamba kila chenye thiamini ya maana kimepigwa marufuku, na kile kisicho nayo ndicho kilichoruhusiwa.

Juu ya hapo kuna kidonge. Furosemaidi, ambayo watu wanaiita dawa ya kukojoa au dawa ya maji, ni rafiki wa kweli wa moyo ulioshindwa. Bila hiyo mgonjwa angezama kwenye maji yake mwenyewe, na mtu asije akasoma uchambuzi huu akaiacha. Lakini mkojo ukiongezeka, thiamini inaondoka nao, na maabara zimeonyesha kwamba dawa hiyo huweza pia kuzizuia seli za moyo zisiichukue thiamini iliyopo. Ongeza na utumbo uliovimba maji usiofyonza vizuri, na ini lililojaa damu linalomfanya mgonjwa ashibe kwa matonge mawili. Mwaka 1991 watafiti wa Israeli waliwapima wagonjwa 23 wa moyo waliokuwa wakitumia furosemaidi kwa wingi. 21 walikuwa na upungufu. Mwaka 2006, Toronto, kati ya wagonjwa 100 waliolazwa, theluthi moja walikuwa nao, ikilinganishwa na asilimia 12 ya watu wasio na ugonjwa. Tarakimu zinatofautiana kwa sababu vipimo na walaji walitofautiana, lakini hakuna palipokutwa sifuri.

Je, kuwarudishia kunasaidia? Hapa mambo yanagawanyika. Jaribio la Israeli la mwaka 1995 liliwapa wagonjwa 30 sindano za thiamini au za maji matupu kwa wiki moja, na mioyo iliyopewa thiamini iliongeza kiasi cha damu inayosukumwa katika kila pigo. Waswisi walipata matokeo ya kufanana mwaka 2012, lakini kwa wagonjwa 9 tu. Kisha, mwaka 2019, likachapishwa jaribio la Amerika Kaskazini: wagonjwa 69, miligramu 200 kila siku kwa miezi sita. Hakuna tofauti iliyoonekana.

Wapo waliofunga mjadala hapo. Mimi nasita, na sababu yangu ni ya jikoni. Marekani na Kanada huweka thiamini kwenye unga wa ngano. Mgonjwa wa kule akila mkate asubuhi ameshapata kiasi chake kabla hajafungua kopo la vidonge. Tena washiriki hawakuchaguliwa kwa sababu walikuwa na upungufu. Kumpa maji asiye na kiu, kisha kutangaza kwamba maji hayakati kiu, si ushahidi kwa mtu wa Mang'ula. Kwetu kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye vyakula zilihusu unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Mchele haukuwemo, na mchele ndio chakula cha bonde. Hoja yangu si kwamba thiamini imethibitishwa kuwaponya wagonjwa wa moyo wa Kilombero. Ni kwamba jaribio lililoshindwa lilifanywa kwa watu wanaokula kitu kingine.

Chuma si vitamini, lakini kwenye mazungumzo ya nyumbani "vitamini za damu" ndizo zinazonunuliwa kwanza, na kwa chuma Tanzania ina hesabu zake yenyewe. Kati ya mwaka 2012 na 2013 timu ya Dkt. Abel Makubi iliwafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55. Kule Ulaya ugonjwa huu ni wa watu wa miaka 70 na kuendelea. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, asilimia 45. Na walipopima damu, asilimia 57 walikuwa na upungufu wa damu na asilimia 49 walikuwa na upungufu wa chuma. Wenye upungufu wa damu unaotokana na chuma walikufa au kulazwa zaidi kuliko wenzao. Presha hiyo haiko Dar es Salaam pekee: miongoni mwa watu 955 wenye VVU waliokuwa hawajaanza dawa katika kliniki ya Ifakara, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikutwa nayo siku ya kuandikishwa.

Kidonge cha chuma, kwa bahati mbaya, hakijafanya kazi nzuri kwa wagonjwa hawa. Jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2017 halikuona mgonjwa akipata nguvu zaidi baada ya wiki 16 za chuma cha kunywa. Kinachosaidia ni chuma cha kwenye mshipa, na hicho kina bei yake. Hapo ndipo ningependa tukumbuke kazi iliyofanyika Ifakara yenyewe, ingawa ilihusu watoto na si moyo. Mwaka 1997 yalitolewa matokeo ya watoto wachanga 832 waliozaliwa katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Waliopewa chuma walipungukiwa na visa vya upungufu mkali wa damu kwa kama asilimia 29. Waliopewa kinga ya malaria, kwa asilimia 57. Kuziba tundu kulishinda kujaza ndoo, karibu mara mbili. Mtu mzima wa Kilombero mwenye moyo uliochoka naye ana matundu yake: malaria, safura, kichocho kwa wavuvi na wakulima wa majaruba. Kumpima choo kabla ya kumwandikia chuma ni jambo la dakika chache.

Na virutubishi havikosi meno. Pemba, chuma na foliki asidi viliongeza kulazwa na vifo vya watoto wadogo wanaoishi kwenye malaria nyingi, mpaka sehemu hiyo ya jaribio ikasimamishwa mwaka 2003. Dar es Salaam, kati ya wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU, waliopewa vitamini B, C na E walichelewa kuzidiwa na ugonjwa, lakini vitamini A iliongeza maambukizi kwa mtoto. Baadaye vitamini hizo hizo kwa vipimo vikubwa, kwa watu walio kwenye dawa za kufubaza virusi, hazikuwa na faida, zikapandisha viashiria vya ini kuumia, na jaribio likakatizwa. Kwa hiyo ninapomsikia muuza kopo akisema "haina madhara, ni vitamini tu," najua hajapita Pemba.

Vitamini D nitaipitia haraka. Wagonjwa wa moyo duniani kote hukutwa nayo kidogo, na sababu moja ni wazi: aliyekosa pumzi anakaa ndani. Jaribio la Leeds la mwaka 2016 lilionyesha moyo ukisukuma vizuri zaidi baada ya mwaka mmoja wa vidonge, ila mgonjwa hakutembea mbali zaidi. Lile la Ujerumani la mwaka 2017, watu 400 kwa miaka mitatu, halikupunguza vifo. Kwetu kuna jambo la kuvutia zaidi: watafiti walipowapima Wamasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi, walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho Mzungu wa kawaida hakifikii bila kidonge. Kiti cha shangazi kisogezwe barazani asubuhi, miguu juani. Sioni sababu ya kutumia pesa.

Vitamini K ina kisa cha pekee, na ndiyo iliyonifanya nielewe karatasi ya USILE. Wagonjwa waliobadilishiwa vali za moyo, wengi wao kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, hutumia warfarini ili damu isigande. Mboga za majani zina vitamini K, nayo hushindana na dawa hiyo. Ushauri sahihi kwao ni kula mboga kwa kiasi kile kile kila wiki, ili dozi ipangwe kulingana nayo. Si kukimbia matembele na kisamvu maisha yote. Lakini shangazi hatumii warfarini kabisa. Mchicha wake ulikatazwa kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Maharage nayo huangaliwa kwa mgonjwa ambaye figo zimechoka, au ambaye dawa zake hupandisha potasiamu. Figo zake yeye, kwa vipimo vilivyobandikwa kwenye daftari lile lile, zilikuwa nzima. Karatasi ilikuwa imekusanya miiko ya wagonjwa wanne na kumbebesha mmoja. Kilichomhusu kweli kilikuwa cha kwanza, chumvi. Dagaa wa chumvi waondoke, sawa. Perege au kambale mbichi wa mto Kilombero hana kosa.

Ifakara ina mengi ambayo wilaya nyingine hazina. Ina hospitali ya rufaa, ina Taasisi ya Afya ya Ifakara iliyochipuka kutoka maabara ndogo aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957. Hata hivyo kipimo cha thiamini kwenye damu si kitu cha kukikuta kwenye zahanati ya Msolwa au Sanje, na sidhani tunapaswa kukisubiri. Beriberi ya maji ina ishara zake. Moyo uliochoka kwa kawaida humwachia mgonjwa mikono ya baridi. Wa beriberi mara nyingi humwachia mikono ya moto na mapigo yanayoruka, pamoja na ganzi ya miguu inayopanda. Mhudumu anayeuliza "jana ulikula nini, asubuhi, mchana, jioni?" na akauliza pia kuhusu gongo, kutapika na kunyonyesha, ameshafanya nusu ya kipimo. Nusu nyingine ni kumpa thiamini na kutazama. Ni ya bei ndogo, ya ziada hutoka na mkojo, na kama upungufu ulikuwepo, mgonjwa mwenyewe atasema ndani ya siku chache. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 hauwashauri wagonjwa wa moyo kutumia vitamini, isipokuwa kurekebisha upungufu mahususi. Tatizo letu liko kwenye hilo neno "isipokuwa".

Kuna desturi moja ya bondeni, na ya Tanzania nzima, inayonitia hofu kuliko mashine ya kukoboa. Mgonjwa akizidiwa, wageni huja na soda na pakiti ya glukosi ya unga, na mwenye uwezo huomba "awekewe dripu ya nguvu." Kwa mtu ambaye thiamini imemwishia, sukari ya ghafla ni kufungulia maji ya Mtera yote kwa pamoja huku lango la Kidatu limefungwa. Wauguzi wa wodi za walevi wanaijua kanuni hii: thiamini kwanza, glukosi baadaye. Ingefaa ijulikane pia kwenye wodi za moyo, na kwa mashangazi wanaoleta soda kwa mapenzi.

Utafiti wa Muhimbili uliuliza kuhusu damu na chuma. Thiamini haikuwa swali lake. Swali hilo lingeweza kujibiwa bondeni bila mitambo mikubwa. Mgonjwa mpya wa moyo achukuliwe damu kidogo kabla ya kidonge cha kwanza cha furosemaidi, kisha tena baada ya miezi mitatu. Yaandikwe anachokula na mashine anakokoboa, na walaji wa dona walinganishwe na walaji wa wali. Ikionekana upungufu ni wa wachache, tutaachana na hadithi hii kwa amani. Ikionekana ni theluthi moja kama Toronto, kwenye bonde lisilo na mkate uliotiwa thiamini, kila kliniki ya presha toka Kidatu hadi Mlimba itajua pa kuanzia.

Shangazi alirudi kliniki, ya karibu safari hii. Daktari, binti mdogo, aliikunjua karatasi, akasoma, akaomba kalamu. Akafuta maharage, karanga, mchicha na mayai, akaacha chumvi na kuipigia mstari. Akamwandikia thiamini, akampangia upya na dawa ya presha aliyokuwa akiimeza siku anazojisikia vibaya tu. Mwezi uliofuata mito ilikuwa imepungua kutoka mitatu hadi mmoja na nusu, kwa hesabu yake mwenyewe. Vitu vinne vilibadilika kwa pamoja, kwa hiyo miguu ya shangazi si ushahidi wa lolote, na nilimwambia hivyo.

"Sawa," alisema, akipepeta maharage mlangoni. "Lakini yale ya mashine, ya kukoboa mara moja tu, nilimwambia kijana akakataa. Kasema mchele wa namna ile ni wa mgonjwa."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mimi nani?"

Kijana alicheka, akaupitisha mara moja, akabaki na pumba kidogo kuliko alizozoea. Kuku wa jirani walikuwa wanasubiri.